Sentimita za Kukulia

Jumatatu, mvua ya kwanza

Mwalimu mkuu amekataa daftari. Nilimpelekea daftari la vipimo kama tulivyozoea kuwapelekea wenzake wote, jalada gumu, mistari imenyooka. Akaligeuzageuza kama mtu anayekagua samaki, akanirudishia. Anataka jedwali la kompyuta. Kila mtoto na mstari wake, kila kipimo na safu yake, ofisi yake ilione kabla hatujagusa kitambaa. Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini? Shule yetu ya zamani ilihamishia kazi kiwandani mwaka jana, siku hizi sare zao zinakuja ndani ya maboksi. Hii mpya inatujaribu kwa madarasa manne ya chini. Tukifaulu tunapewa shule nzima. Tukiharibu tunauza vyerehani, kila mtu ashike njia yake.

Dukani nimewaeleza. Dada yangu, ambaye ndiye mwenye duka tangu baba afariki, kasema haya, wewe ndiye utakayekwenda kujifunza. Mumewe, yaani shemeji yangu, ambaye ndiye mkataji wetu, kasema mkasi wake hauna waya na hautaki waya. Mjadala ukaishia hapo.

Nimeamua kuandika humu mpaka shule zifunguliwe. Nikifa, ijulikane nimeuawa na nini.

Jumanne

Mvua. Nimejiandikisha.

Jumatano

Darasa lenyewe ni chumba juu ya duka la misumari, kwa hiyo tunasoma huku chini watu wanamwaga misumari kwenye mizani. Mwalimu ni binti mwembamba, mpole, ila kila neno la tatu ni "bofya". Bofya hapa. Sasa bofya pale. Umebofya? Nimempa jina Mwalimu Bofya, na sidhani kama mimi ndiye wa kwanza.

Wanafunzi waliobaki ni wawili, mimi na mzee mmoja mfuga kuku anayetaka kujua mayai yake yanakwenda wapi. Wengine walikuja kuonja tu.

Leo tumejifunza kwamba kila kijumba kinaitwa seli na kina anwani: herufi ya juu, namba ya kando. Mzee wa Kuku kauliza kama seli ikiwa na anwani inaweza kupokea barua. Mwalimu Bofya hakucheka. Mimi nilicheka, nikabofya pasipobofywa, kila kitu kikapotea.

Ijumaa

Namba ikikaa upande wa kulia wa seli, kompyuta imeielewa kuwa ni namba. Ikikaa kushoto, imeichukua kama maneno. Niliandika "62 sm", ikakaa kushoto. Nikaandika "71 na nusu", kushoto. Nikaandika 3/4, ikanipa tarehe. Jamani. Nimemuuliza mwalimu kwa nini isiulize kabla ya kudhani. Kasema kompyuta haidhani, inatii. Nikasema mtumishi wa namna hiyo tuliwahi kuwa naye, tulimfukuza.

Jumamosi

Dada kaniita nyuma ya duka, penye stoo ya vitambaa. Jicho lake la kulia limefunga, ni mtoto wa jicho, na la kushoto linamfuata mwenzake. Daktari kampa siku ya kupasuliwa, wiki ijayo. Hataweza kunakili vipimo msimu huu.

"Kwa hiyo hilo jedwali lako ndilo litafanya kazi yangu," akasema.

"Litakusaidia tu, Dada."

"Usinibembeleze. Mimi si mtoto."

Niandike namna kazi yetu inavyokwenda, maana nikisoma humu miaka ijayo nitakuwa nimesahau. Ina mikono mitatu. Mimi napima watoto shuleni, kipimo cha mwili kama kilivyo. Dada ananakili kwa mwandiko safi huku akiongeza sentimita za kukulia, kwa sababu mtoto hakui kwa kungoja mwaka uishe. Shemeji anakata kama ilivyoandikwa. Baba ndiye aliyeweka utaratibu huo na haujabadilika.

Ila naandika na hili, kwa kuwa hakuna anayesoma humu. Mimi nikipima huwa napenyeza vidole viwili chini ya futi ya kupimia. Dada ana mkono wa birika, kitambaa kwake ni kama damu, na siku zote nimehofia kwamba hizo za kukulia anaziongeza kwa manung'uniko. Basi nawaachia watoto nafasi kidogo mapema. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba nguo zetu ni kubwa. Wala ndogo.

Jumatatu

Darasa la kwanza, kupima. Watoto wa umri huo wana vifua kama vya kuku wa Mzee wa Kuku, na hawatulii. Mmoja kaniuliza kama nikimaliza kumpima atakuwa mrefu.

Jumanne

Darasa la pili. Mvua tangu alfajiri. Sina la kusema.

Jumatano

Umeme umekatika nikiwa katikati ya jedwali. Ulivyorudi, darasa la kwanza lote lilikuwa limekwenda na maji. "Ulihifadhi?" Mwalimu Bofya kauliza. Kumbe kuna kuhifadhi. Alishalisema, na Mzee wa Kuku anashuhudia kwamba alilisema mara nyingi, na kwamba yeye mayai yake yote yako salama. Mzee yule ana roho mbaya ya kimyakimya. Nimeanza kumpenda.

Alhamisi

Darasa la tatu, kupima.

Nikitoka shuleni nimepita kwa Dada nyumbani. Kapasuliwa jana, jicho limefungwa bandeji, kajilaza kwenye kochi, redio inasema peke yake. Nikamuuliza sentimita za kukulia ni ngapi hasa, niziandike kwenye kompyuta.

"Kanuni ni ya baba," akasema. "Kifua nne. Urefu wa shati tano. Mkono tatu. Kiuno mbili."

"Kwa wote?"

"Kanuni ndiyo hiyo."

Nikaandika mkononi. Alikuwa kama anataka kuongeza neno, kisha akaniomba nimzimie redio.

Ijumaa

Leo nimeona uchawi. Unaandika alama ya sawasawa, unaiambia seli: chukua kifua cha mtoto huyu, jumlisha nne. Inajumlisha. Halafu unashika kona ya seli, unaivuta kwenda chini, na hesabu ileile inashuka kwa watoto wote darasani, kila mmoja na kifua chake. Nilivuta nikarudisha, nikavuta tena. Dada alikuwa akitumia wiki nzima kwa hiyo kazi, usiku miwani puani. Nilijisikia vibaya kidogo kwa niaba yake. Kidogo tu.

Kuna mahali jedwali lilinijazia alama za ngazi, ngazi tupu, nikadhani nimeliua. Kumbe safu ilikuwa nyembamba, namba haienei ndani. Ukiipanua tu, inatokea. Hilo nalielewa, ni kama kiuno.

Jumatatu

Darasa la nne. Hao wanajiona watu wazima, wanabana pumzi ukiwapima.

Jumanne

Shule imefungwa kwa likizo. Nimepeleka jedwali ofisini. Mwalimu mkuu kalitazama, kateremka nalo mpaka chini, kapanda nalo mpaka juu. "Safi sana," akasema. "Hata kiwandani hawanipi kitu kama hiki." Nikamshukuru kwa sauti ya kawaida. Barabarani nilikuwa natabasamu peke yangu kwenye mvua kama mwenda wazimu.

Nimemwambia Dada. Kasema, "Haya. Hongera." Akageukia ukuta.

Nadhani ana wivu. Nimeliandika, na halifutiki.

Alhamisi

Shemeji kaanza kukata. Karatasi za kompyuta kazibandika ukutani mbele ya meza yake, kwa herufi kubwa. Anajifanya hazipendi, lakini nimemwona akizinyoosha.

Jumamosi

Vyerehani vinne vyote vinakwenda. Mvua imepiga bati hatusikiani. Siku nzuri.

Jumanne

Hakuna jipya.

Jumatano

Mashati ya darasa la kwanza na la pili yamekwisha. Mafundi wameanza la tatu. Tukienda hivi tutakabidhi mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu duka hili lina mlango.

Ijumaa

Naandika polepole nisije nikaruka kitu.

Fundi wetu anayekaa dirishani ana binti darasa la pili katika shule ileile. Asubuhi alimleta, akasema ngoja tumvalishe huyu lake, tuone kazi yetu. Tukatafuta shati lenye jina lake, mtoto akavaa. Mikono ikameza vidole. Mabega yakashuka karibu na viwiko. Akainua mikono kutuonyesha, akawa kama shuka lililoanikwa. Mama yake akacheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, na vyerehani vikasimama kimoja baada ya kingine.

"Labda mmoja tu," nikasema. "Labda alipunguka."

"Mwanangu hajapunguka," akasema fundi.

Nikaita watoto wa mtaani, wowote wenye umri huo, tukawavalisha mashati ya wenye miili kama yao. Wote hivyohivyo. Mitumbwi. Shule inafunguliwa siku kumi kutoka leo na nguo za madarasa manne zimekatwa, nusu zimeshonwa, na zote ni za watu wengine ambao bado hawajawa wakubwa.

Nilikwenda mbio kwa Mwalimu Bofya, nimelowa chapachapa. Akafungua jedwali, akapita kila safu, akabofya hesabu moja moja. Mzee wa Kuku akawa amesimama nyuma yetu, kwa mara ya kwanza hana mzaha.

"Hakuna kosa," akasema mwalimu. "Uliiambia iongeze nne, imeongeza nne."

"Basi kosa liko wapi?"

"Mama, mimi nafundisha kompyuta. Hayo mengine yako kwenu."

Nikarudi dukani nina hasira na mtu mmoja tu. Mkataji. Nilimkuta anakunywa chai amesimama, hajagusa mkasi.

"Shemeji, umekata kama karatasi inavyosema?"

"Nimekata."

"Kama inavyosema?"

Akaweka kikombe chini. "Na dole gumba."

"Dole gumba lipi?"

Akaniwekea dole gumba lake pembeni ya mstari wa chaki, pana kama kijiko. "Hili. Kila upande. Tangu nilipooa hapa naongeza dole gumba moja. Dada yako nampenda, lakini kwa kitambaa, shemeji yangu, wewe mwenyewe unamjua. Nikaona watoto wa watu watabanwa. Sikutaka ugomvi ndani ya nyumba, nikawa naongeza mezani."

Nilicheka. Si kicheko kizuri. Nikamwonyesha vidole vyangu viwili. Akaviangalia, akaliangalia dole gumba lake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema.

Vidole viwili, kanuni ya baba, na dole gumba. Sasa sababu tukaiona. Tusichoelewa ni kwa nini miaka yote hiyo nguo zilikuwa zinakaa sawasawa.

Tukaenda nyumbani kwa Dada, wote wawili, kama watoto waliovunja sahani. Bandeji imetoka siku hizi, anavaa miwani myeusi. Tukamweleza. Shemeji akaeleza dole gumba, mimi nikaeleza vidole. Hakushangaa hata kidogo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, jicho jekundu, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnadhani mimi ni kipofu tangu mwaka huu?" akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Huyu ninalala naye, na wewe nimekulea. Nitaachaje kujua?"

"Sasa zile za kukulia?"

"Sijawahi kuongeza sentimita hata moja. Mliokuwa mnaongeza ni ninyi. Mimi nilikuwa napunguza."

Shemeji akakaa chini kwenye kiti ambacho hajaambiwa akalie, ingawa nyumba ni yake.

"Lakini nilikuuliza!" nikasema. Nilipaza sauti, nakiri. "Nilikuja hapa nikakuuliza ni ngapi, ukanipa nne na tano na tatu!"

"Uliniuliza kanuni, nikakupa kanuni. Hukuniuliza ninafanya nini."

"Ungeniambia!"

"Ulikuja na kalamu mkononi, una haraka, hukukaa hata kitako. Kompyuta yako ilikuwa imeshajua kila kitu. Nikasema haya, na mimi nipumzike." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Nilikosea. Nilitaka mnione nina kazi. Sikutaka mwangamie."

Shemeji akatoka nje, akarudi, akasema twendeni tukafumue basi, nguo kubwa ina dawa, ndogo ndiyo haina. Kwa mkataji, hiyo ni sala.

Nilimwambia Dada kwamba hesabu ni rahisi. Tutoe dole gumba, tutoe za kanuni, vibaki vidole vyangu viwili, ambavyo ndivyo nafasi ya kukua yenyewe. Kompyuta itatoa yote kwa mvuto mmoja.

"Vidole vyako si viwili," akasema.

"Ni viwili, Dada."

"Ukiwa na raha ni viwili na nusu. Ukiwa na hasira ni kimoja, unakaza futi mpaka mtoto anakohoa. Ulipogombana na yule fundi wa zamani, darasa zima lilitoka limebanwa, sikulipunguzia kitu. Napunguza kwa siku, mdogo wangu. Sipunguzi kwa kanuni."

Mimi nilidhani sionekani. Watu wote wananiambia hivyo, kwamba mimi sina uso, hujui kama nimefurahi au nimenuna. Nimejivunia hilo.

"Na mwaka ule?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Sijaandika habari za mume wangu humu, kwa sababu hii ni habari ya sare na kompyuta. Alifariki msimu kama huu, wa kupima. Wiki haikuisha tangu mazishi, Dada akaja kunigongea, akanirushia futi kitandani, akasema inuka, watoto wanangoja. Sikumsamehe. Nilikwenda, nikapima, na sijamsamehe hadi leo mchana.

"Mwaka ule hukukaza wala hukulegeza," akasema. "Namba zilitoka zinavyotaka. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na kifua cha mtu mzima."

"Sasa ulifanyaje?"

"Kila ulipotoka shuleni mimi nilikwenda kesho yake, nikawapima upya wote. Niliwaambia walimu futi yetu ilikuwa mbovu."

"Wote?"

"Wote. Ningefanyaje? Ningekuacha ubaki nyumbani na ukuta?"

Shemeji alikuwa anaangalia miguu yake. Nililia, kwa kifupi, nikiwa nimesimama. Dada hakunigusa, maana hatuna desturi hiyo. Alivaa miwani yake myeusi akangoja nimalize. Kisha akasema nilete yale makaratasi.

Jumamosi

Tumekaa siku nzima, Dada na mimi, mbele ya kompyuta ya kuazima iliyowekwa juu ya meza ya kukatia. Nimeongeza safu mpya, ya sentimita za kupunguza kwa siku. Mimi nasoma darasa, yeye anauliza.

"Darasa la kwanza. Siku hiyo ulikuwaje?"

"Kawaida."

"Kawaida hakuna. Ulikula asubuhi?"

"Nilikula. Nilikuwa nacheka nao. Mmoja aliniuliza kama nikimpima atakuwa mrefu."

"Basi ulilegeza. Weka tatu. La pili?"

Kawaida ningesema sikumbuki, na yeye angeniachia. Lakini fundi wa dirishani alikuwa ameshika kifumulio mkononi, anangoja namba, na mwanawe yumo humo.

"Mvua ilinyesha tangu alfajiri," nikasema. "Siku za hivyo huwa naamka nimechoka. Nilipima haraka, niondoke."

"Ulikaza?"

"Nadhani."

"Usidhani."

"Nilikaza, Dada."

"Moja," akasema, na mimi nikaandika moja, ikakaa upande wa kulia.

La tatu nilikuwa na hofu ya jicho lake. Hilo nililisema haraka, nikiangalia kioo. Akauliza hofu inakaza au inalegeza, yeye hofu yangu haijui vizuri. Nikasema nilishika kila mtoto muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Akafikiri. Akasema weka mbili, halafu akajifuta pua akaomba maji. La nne nilikuwa najiamini kupita kiasi, jedwali langu limependeza, hesabu zinashuka. Akasema alijua, siku zile nilikuwa natembea kama nimenunua mtaa.

Sijawahi kuulizwa mambo hayo kwa mpangilio. Yanachosha kuliko kubeba magunia. Ila mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye kipanya.

Jumapili

Kufumua.

Jumatatu

Kufumua, kukata, kushona. Mwalimu Bofya amekuja baada ya darasa lake, hajui kushona, anakata nyuzi. Mzee wa Kuku kaleta mayai ya mafundi na kukaa mlangoni kutoa maoni.

Jumatano

Binti wa fundi kavaa shati lake. Kainua mikono, kainama, kajigeuza. Mama yake kavuta pindo mara moja, kaliachia. Kaenda kukaa kwenye cherehani chake na kuendelea. Hicho ndicho cheti chetu.

Shemeji kaapa hataongeza dole gumba tena. Dada kamwambia aache kuapa, aendelee nalo, yeye atajua la kufanya.

Ijumaa

Tumekabidhi. Mwalimu mkuu kachagua nguo bila mpangilio, kapima kwa futi yake mwenyewe, kalinganisha na jedwali. Nguo hazikulingana na namba za karatasi ya kwanza na nilimwambia wazi kwamba tumerekebisha, na kwa nini. Sikutaja vidole wala dole gumba la mtu. Nilisema hesabu ilikuwa sahihi, sisi ndio hatukuwa tumeiambia kila kitu. Karudisha futi mfukoni. "Jumatatu nitawaona watoto ndani yake," kasema, "ndipo nitakapojua."

Jumatatu, shule imefunguliwa

Dada na mimi tulisimama ng'ambo ya lango, chini ya mwavuli mmoja, tunajifanya tunasubiri mtu. Walipita. Wadogo walipita, wakubwa walipita. Kila mmoja yumo ndani ya nguo yake. Dada hawezi kuona mbali bado, ikabidi nimwambie. "Mabega?" "Yamekaa." "Mikono?" "Inaishia kwenye kifundo." "Yule mnene wa darasa la nne?" "Anakimbia, Dada. Hajapasuka popote."

Alasiri mwalimu mkuu kapiga simu. Shule nzima, mwaka mzima. Kanitaka nimpelekee jedwali la wakubwa mwezi ujao, lenye safu zote, na ile mpya. Kauliza ile mpya inaitwaje, haina kichwa. Nikasema nitaipa jina.

Alhamisi

Mvua inakatika.

Leo kaja mtoto aliyehamia, darasa la kwanza, na bibi yake. Nikampima pale dukani. Dada sasa anakaa kwenye kompyuta, jicho limefunguka, anaandika kwa kidole kimoja, hataki kuelekezwa. Nikamsomea kifua, bega, urefu, mkono. Akaandika. Akafika kwenye safu ile.

"Uko vipi leo?"

"Salama tu."

Hakuandika. Kidole kilibaki juu juu. Cherehani cha dirishani kikanyamaza, na Shemeji akawa anatafuta chaki ambayo ilikuwa sikioni mwake.

"Nimekuuliza, mdogo wangu."

Bibi wa mtoto alikuwa anatutazama. Mtoto alikuwa amesimama mikono imenyooka, kama nilivyomwambia asimame.

"Nimeamka nikapapasa upande wake wa kitanda," nikasema. "Sijui kwa nini leo. Nimemkumbuka sana."

Dada akaitikia kwa kichwa. Akafuta namba zote nne alizokuwa ameziandika, akainuka, akaja akashika ncha ya pili ya futi.

"Basi tumpime pamoja," akasema. "Wewe shika huko."

Nikashika.